Kibao cha Shule ya Pembezoni

Kwale, mwenyekiti wa kamati ya shule ya pembezoni mwa mji, alikuwa roho juu tangu panya walipohamia mtaani na kuomba watoto wao waandikishwe.

"Shule hii ni ya kwale tangu enzi na enzi," alisema, akirandaranda langoni. "Historia itawaumbua!"

Kila mwalimu mkuu mpya hukipaka kibao cha shule rangi yake juu ya ile ya zamani. Basi Kwale akamwita Kigong'ota abambue rangi hadi jina la waanzilishi lionekane. Mama Panya na mwanawe walisimama wakitazama.

Kigong'ota akabambua hadi tabaka la tisa, akasoma kwa sauti: "Shule ya Panya. Kwale wahamiaji, karibuni."

Kwale akageuka huku na huku.

"Unangoja nini?" akafoka. "Lete rangi!"