Mashine Haina Mahali pa Kuandika Msiba

Wiki ya pili baada ya kumzika mwanawe Shomari, Mwajabu alikwenda dukani akanunua unga, dagaa na sabuni tu. Mlango wa kutokea ukakataa kufunguka.

Siku hizo vitambulisho vilikwisha kufutwa. Mtu alitambuliwa kwa vitu alivyozoea kununua, na aliyebadili manunuzi yake ghafla alihesabiwa kuwa mtu mwingine.

"Mashine inasema wewe si Mwajabu," alisema mhudumu wa mlangoni.

"Ni mimi. Nimefiwa na mtoto."

Mhudumu alishusha sauti. "Pole sana, dada. Lakini haina mahali pa kuandika msiba. Chukua ulivyokuwa ukichukua, utapita. La sivyo, kesho hata nyumba yako haitakufungulia."

Mwajabu alirudi ndani akachukua kopo la maziwa ya mtoto. Mlango ukafunguka, ukamuaga kwa jina lake.

Ikawa hivyo kila Jumamosi. Mumewe, Kibwana, aliyasukuma makopo uvunguni mwa kitanda. Mwezi wa nane mashine ikamkumbusha Mwajabu kwamba mwanawe ametimiza miaka mitatu, na kwamba viatu vyake vya zamani vitakuwa vinambana.

Siku hiyo alirudi na viatu vya buluu. Kibwana alikipima kimoja kwenye kiganja chake.

"Namba ngapi?" aliuliza.

"Ishirini na sita," alijibu Mwajabu. "Mguu umekua."