Udi wa Kuungua

Sheria inataka mshauri wa biashara na mwanafunzi wake waunganishwe akili kwa miaka kumi, wakue pamoja: ujuzi wa mmoja huwa wa mwenzake. Mshauri wangu, Torsten wa Ujerumani, alinipa ujanja wa masoko, akapata pua yangu ya kupika udi, kisha akafungua kiwanda kwao na kuninyang'anya wateja wote.

Alidhani nitalia, akasahau kwamba miaka kumi haijaisha na akili zetu bado zimeunganishwa. Kila siku naunguza sukari ya kupikia udi makusudi, naifukiza nyumba nzima, najilazimisha kuupenda ule moshi mpaka pua yake nayo ipotoke.

Jana nikasikia udi wake unarudishwa, unanuka. Nikapiga kigelegele.

Binti yangu Mwanakombo akakohoa mlangoni. "Mama, kwani husikii harufu hii mbaya?"

Nikavuta pumzi ndefu. Wallahi, ilinukia kama udi wa harusi yangu.