Kinara cha Bi Nasiha

Haya ni kweli tupu, hayana chumvi wala ndimu, na anayebisha aende Kishushe akaulize, kama atapata gari la kumfikisha.

Simu ililia Alhamisi saa tisa mchana, Mzee Mwandawiro akashtuka hadi patasi ikamponyoka. Kila kinara cha mshumaa alichochonga alikiandikia namba yake ya simu chini ya kitako kwa msumari wa moto, ili mnunuzi akiwa na swali apige. Miaka mitatu vinara vyake viliuzwa dukani kwa Badawy, mjini Voi. Miaka mitatu hakuna aliyekuwa na swali.

"Ni wewe fundi wa vinara?" sauti ya mwanamke iliuliza. "Naitwa Nasiha, niko Voi. Nimechukua kinara chako kwa Badawy. Nauliza tu, hiki cha mbao hakitaniunguzia nyumba?"

"Ngoja kwanza niwanyamazishe mafundi." Mzee akageuza shingo. "Nyinyi! Hebu punguzeni hizo nyundo!"

Alikuwa na mafundi sita katika karakana yake huko Kishushe. Hawakuwa watu wa maneno. Siku nzima ni nyundo tu, na kuna siku hata nyundo haikusikika.

"Sasa sikiza, Bi Nasiha. Mbao na moto ni kama mahindi na mbuzi, haviachwi peke yavyo. Kile kibati nilichotia ndani ya tundu usikitoe. Chini weka sahani. Mshumaa ukibaki vidole viwili, zima. Ukitoka chumbani, zima. Kuna jamaa wa Mwanda alisinzia kidogo tu, moto ukala kinara, ukala meza, ukapanda kwenye ndevu. Mpaka leo akipita karibu na jiko, ndevu zinakohoa zenyewe."

Bi Nasiha akacheka hadi akakwamwa. Mzee hakukumbuka mara ya mwisho kusikia mtu akicheka kwa sababu yake.

Alhamisi iliyofuata Bi Nasiha akapiga tena. Nta ikiganda juu ya mbao inatolewaje? Kwa kucha, Mzee akamwambia, kisu kitakwaruza. Jumatatu akapiga kuuliza habari za upepo. Mwezi haukuisha, ikawa ni kila siku saa tisa, na Mzee akawa anaosha mikono saa nane unusu, utadhani simu itaona vumbi.

"Pazia liko mbali na kinara?"

"Hatua tatu. Nimezihesabu kwa miguu yangu."

"Na jana hukusahau kuzima?"

"Utambi haunuki moshi hata kidogo."

"Wewe ni mwanafunzi bora kuliko hawa wangu sita," akasema Mzee, kisha akanyamaza. Nyundo ikagonga mara mbili.

Jumatano moja stima zikapotea Taita Taveta nzima. Alhamisi saa tisa simu haikulia. Saa kumi Mzee akapiga mwenyewe. Mteja hapatikani. Ijumaa hapatikani. Jumamosi chai ilipoa kikombe kizima mbele yake, akijaribu kukumbuka kile kinara alichokichukua Bi Nasiha. Alikitia kibati? Au ni kile kimoja alichokipeleka haraka haraka siku lori lilipokuwa likimpigia honi? Duniani alikuwa amebakiwa na sauti moja inayomuuliza jambo, na huenda ameiunguza kwa mikono yake.

Jumapili alfajiri alipanda lori la mawe, akatetemeshwa barabara nzima mpaka meno yakamuuma. Alipomkuta Badawy akifungua duka, hakusalimu.

"Bi Nasiha?"

"Mlango ule wa kijani, Mzee." Badawy akauonyesha kwa kidevu. "Yuko."

Mlango haukuwa na alama ya moto. Ulikuwa wazi. Mzee alivua viatu, akakohoa.

"Karibu, Mzee Mwandawiro," sauti ikatoka ndani kabla hajapiga hodi. "Kikohozi hicho nakijua. Simu yangu ilitumbukia kwenye pipa la maji. Nilisema, huyu ama atakuja, ama atakufa na wasiwasi."

Kinara kilikuwa katikati ya meza, juu ya sahani, hatua tatu kutoka kwenye pazia. Kibati kilikuwamo. Mshumaa ulikuwa mzima, utambi mweupe, haujaonja kiberiti.

"Bi Nasiha! Maneno yote yale, na hujakiwasha hata siku moja?"

Mzee alisogea pekupeku hadi mezani, akakishika. Bi Nasiha akamimina kahawa taratibu, kidole kikiwa ukingoni mwa kikombe, kisha akainuka na kumnyooshea mgeni wake kikombe, kule mlangoni, mahali pasipokuwa na mtu.

"Nikiwashe nione nini, Mzee? Namba yako niliisoma kwa kidole. Lakini masikio yangu mazima. Hao mafundi wako hugonga ukinyamaza tu." Kikombe kikabaki hewani kikitoa mvuke. "Umeniongopea miezi mingapi? Lipa. Neno moja la kweli."

Mzee Mwandawiro, ambaye maisha yake yote hajawahi kukosa hadithi, alitazama huku na huku akaikosa. Akarudi mlangoni, akakipokea kikombe kwa mikono miwili.

"Niko peke yangu kule," akasema. "Mimi na nyundo."