Moyo wa Mzee Kibwana

Siku hizo, kifaa chochote kilichokaa karibu na mfanyakazi kilijiunga chenyewe na mtandao wa kampuni yake, bila kuuliza mtu. Zawena, msimamizi wa ghala la dawa Morogoro, alikwishazoea. Jokofu la nyumbani lilijiunga, kitasa cha mlango kikafuata. Jioni moja, akimmenyea baba yake, Mzee Kibwana, chungwa, simu ya kazini ikatoa sauti: “Kifaa kipya kimeunganishwa. Kidhibiti mapigo ya moyo, Kibwana.”

Kisu kikamponyoka; kifaa hicho kilikuwa ndani ya kifua cha baba yake. Alitoka uani akampigia Mkude, fundi wa mitandao wa kampuni.

“Usihofu, dada,” Mkude alisema. “Sasa mzee yuko salama. Hakuna mtu wa nje atakayekiingilia.”

“Kiondoe.”

“Kukiondoa, lazima kizimike kwanza ndipo kiwake upya.”

“Kitazimika kwa muda gani?”

“Cha moyo hatujawahi kujaribu.”

“Na mtu akiacha kazi?”

“Vifaa vyake vyote vinaondolewa siku hiyo hiyo. Mtambo haumsubiri mtu.”

Asubuhi ile Zawena alikuwa amewasilisha barua ya kuacha kazi, kwa kuwa alipata nafasi nzuri Dodoma. Akampigia meneja, akimsihi amrudishe kazini.

“Barua yako hatukuwa tumeiingiza kwenye mtambo,” meneja alimjibu kwa upole. “Tulijua utapiga.”

Aliporudi ndani, mzee aliuliza, “Nani huyo, mwanangu?”

“Kazini, baba. Siendi tena Dodoma.”

Mzee Kibwana alicheka kwa furaha. Zawena akaketi ubavuni pake, akasikiliza anavyopumua.