Mtani Kalala Barabarani

Awadhi alijilaza chali katikati ya njia, mbele ya pikipiki zote, akajivika helmeti ya Luhende mpaka ikamfunika uso, akasema hapiti mtu.

Pikipiki zilinguruma. Vijana walizipiga resi papo hapo, moshi ukaingia mpaka uani kwa Mama Luhende, pale Chemchem, Tabora. Lakini hakuna aliyethubutu kumgusa mzee yule. Awadhi ni Mzaramo, mtani wa nyumba hiyo tangu mababu wa pande zote mbili walipobebeana mizigo kwenye njia ya misafara, na mtani hasukumwi. Ukimkasirikia, umejiaibisha mwenyewe.

"Luhende," aliita kuelekea mlangoni, "wewe Mnyamwezi mla matobolwa, hivyo viazi vyenu vikavu. Toka basi. Bingwa wa lami nzima, leo unajificha ndani kama mwali?"

Luhende hakujibu.

"Mnamwona? Ameniogopa. Na magoti yangu haya mabovu, nikipanda pikipiki yake leo namwacha."

Watu wakacheka. Consolatha, mama yake Luhende, naye akacheka, akashangaa kusikia sauti yake mwenyewe.

Asubuhi ile alikuwa na ombi moja tu, na alikwisha kumwambia Festo, rafiki wa Luhende na mshindani wake mkubwa. "Mwanangu, safari ya Usoke leo iwe ya polepole. Nataka nimwone akipita."

"Mimi nimekubali, Mama," Festo alisema, akitazama chini. "Hawa wengine siwawezi. Wameshatega saa kwenye simu. Wanashindana nani atafika Usoke wa kwanza."

Maana Consolatha hakuwahi kumwona mwanawe mashindanoni, ingawa alikwenda kutazama kila mara.

Zamani mbio zilikuwa kitu cha kutazamwa. Kaka zake Consolatha walishindana kijijini Usoke kila baada ya mauzo ya tumbaku, na pikipiki zile zile zilizobeba marobota. Zilikuja zikikohoa. Ulimtambua ndugu yako kwa kikohozi cha pikipiki yake angali mbali, ukapiga kigelegele, ukavuta pumzi, ukapiga kingine, ndipo akapita, meno yote nje. Mshindi alirudi kumsukuma aliyeharibikiwa, wakaenda kula pamoja.

Siku hizi kuna taa nyekundu na taa ya kijani, na saa inayoikatakata sekunde kama kitunguu cha kachumbari. Injini hutengenezwa kwa kompyuta. Angani huzunguka kamera ivumayo kama nyigu. Ukipepesa jicho, mbio zimekwisha, na watu huinamia simu zao wapate kuona kilichotokea mbele ya macho yao.

Na mshindani hata si mtu tena. Mara ya mwisho Luhende alikimbia peke yake. Alikuwa akiifukuza namba ya sekunde aliyotumiwa na mtu wa Mwanza, mtu ambaye hawajawahi hata kusalimiana. Consolatha alisimama ukingoni mwa lami. Aliinua mkono ampungie, na kabla hajaushusha, mwanawe alikuwa nukta tu kule mbele.

"Kitendawili," Awadhi alisema ndani ya helmeti.

"Tega," watu wakaitikia.

"Mkia wake uko mlangoni kwangu, kichwa chake kiko Ujiji."

"Njia," kijana mmoja akajibu upesi, mkono ungali kwenye kishikio cha mafuta cha pikipiki.

"Nimekuuliza wewe? Namuuliza Luhende. Toka utotoni ananijibu kabla sijamaliza kutega."

Akasubiri. Kila mtu akasubiri pamoja naye, macho mlangoni, na kicheko kikawaishia midomoni.

"Haya, ameshindwa," Awadhi akasema. "Anipe mji."

Ni desturi, anayeshindwa kutegua hutoa mji. Consolatha akamjibia mwanawe. "Nakupa Tabora."

"Tabora nimeipokea. Basi mji ni wangu, na barabara zake ni zangu. Zimeni hizo pikipiki. Mtazisukuma kwa miguu mpaka lami, na huko mbele mtakwenda mwendo wa mwenye punda."

"Mzee, tutachelewa."

"Mtachelewa nini? Huko tuendako kuna anayefunga mlango?"

Kijana akawageukia wenzake. Mji umetolewa, tena mbele za watu, na aliyeutoa ni mama mwenye nyumba.

Festo ndiye aliyezima kwanza. Pikipiki ya pili ikafuata, na ya tatu, hata ile ya mwisho, ambayo mwenyewe aliipapasa tangi kama anayembembeleza mtoto. Kukawa kimya, mpaka wakasikika kuku wa jirani wakiparura takataka.

Awadhi akanyanyuka kwa taabu, akajikung'uta mavumbi. Hakutania tena. Alimshika Consolatha mkono, akamsogeza mpaka ukingoni mwa njia, mahali pasipo mtu wa kumziba.

"Simama hapa, Mama Luhende. Umwangalie vizuri."

Festo na wenzake wakaingia ndani wakiwa wameinamisha vichwa. Walitoka na jeneza mabegani, hatua kwa hatua, na Consolatha akamwona mwanawe akipita.