Kidole Kwenye Plagi

Masudi alikuwa ameketi sakafuni, kidole gumba cha mguu kikikandamiza plagi iliyolegea ukutani. Akikitoa tu, laptopu inazimika, na kuiwasha tena ni kazi ya nusu siku.

"Baba Salha, njoo! Mtoto anatembea!" mkewe aliita kutoka uani.

"Nakuja!"

Hakuinuka. Alikuwa akibishana mtandaoni na watu asiowajua kuhusu prosesa za laptopu za mwaka kesho. Zitakuwa na kasi ya ajabu, aliandika, wala hazitakula chaji. Mtu atabeba laptopu yake aende nayo popote atakapo.

Mguu ulishakufa ganzi. Uani vigelegele vilipigwa, vikanyamaza.

Salha akatokea mlangoni akiyumbayumba, akauelekea waya uliotanda kati yao. Masudi akamnyooshea mikono yote miwili, kadiri kidole kilivyomruhusu.