Rivasi ya Nne

Mara ya tatu lori lilisimama mshazari, kama mlevi aliyekosa mlango wake, na makuli waliokuwa juu ya jukwaa la ghala wakapiga makofi.

"Kiberiti, shuka tukusukumie!"

Walimwita Kiberiti kwa udogo wake na wepesi wake wa kuwaka. Leo ilikuwa siku yake ya kwanza kushika usukani wa lori kubwa. Nyuma alibeba vioo vya madirisha, na bosi alikwishatoa neno lake: "Ukigusa nguzo tu, dada, nirudishie funguo."

Nguzo zilikuwa mbili, mbele ya jukwaa. Akipita katikati, kila upande ungebaki na nafasi ya kiganja.

"Kata kulia!" kuli mmoja akapaza sauti.

"Kushoto, we! Kushoto!" mwenzake akampinga.

Manahodha wengi, chombo kikawa kinakwenda mrama. Kiberiti alitaka kulia, akajikuta anacheka peke yake. Ndipo kupitia dirishani akasikia sauti nzito, tulivu, ya mtu anayejua anachokitaka.

"Rudi, mama. Rudi tu."

Kwenye kioo cha pembeni alimwona mtunza stoo ukingoni mwa jukwaa. Alikuwa ameinamisha kichwa, mkono mmoja sikioni kama aliyechoshwa na kelele za makuli, mwingine ukipunga hewani.

"Usiwasikilize hao wa kushoto wala wa kulia. Rudi moja kwa moja."

Kiberiti akaingiza rivasi.

"Taratibu, hatuna haraka. Nafasi yako ipo, hakuna aliyeigusa."

Mkia wa lori ukaingia kati ya nguzo. Kiberiti alibana pumzi mpaka masikio yakamwia moto.

"Hivyo hivyo, mama! Usiishie njiani!"

Ubavu nao ukapita salama. Lori likaegemea mpira uliofungwa ukingoni mwa jukwaa, dup! laini kama mtoto anayelazwa.

"Basi! Hapo umemaliza kila kitu! Mungu akupe nini tena!"

Makuli wakalipuka kwa miluzi. Kiberiti akaruka chini, akapanda ngazi mbiombio kwenda kutoa shukrani. Mtunza stoo alikuwa anafuta machozi, simu ingali mkononi.

"Amekubali!" alisema, akimtikisa mabega. "Miezi minne yuko kwao, leo mke wangu amekubali kurudi!"

Kisha akaliona lori.

"Hee! Na hili limeingia saa ngapi?"